Domeni ya bei chee haiko kwenye promosheni

Shikamooni wakubwa zangu, na vijana mambo vipi. Naona wote mmejaa nyuma kama kikao cha michango ya harusi, sogeeni mbele basi, leo hakuna bahasha. (Kicheko) Nimepewa dakika arobaini. Kabla sijaanza, hii simu naiweka hapa mezani, msione nimewadharau, kuna mnada wa domeni unafungwa humu humu ndani ya hizi dakika arobaini na mimi nimeweka dau. Sasa hivi iko dola 12 na mwenye hiyo 12 ni mimi. Mwisho wangu ni dola 40. Nitakuwa nachungulia.

Halafu tumalize suala la jina. Domeni, yaani anwani ya websaiti kama business.com, wenye Kiswahili chao sanifu wanaita kikoa. Sawa, nakubali, ila mimi nimelelewa na bibi, na kwa bibi kikoa ni watu kuchangiana chakula wakala kwa zamu, kwa hiyo nikisikia mtu anasema ananunua vikoa naona sinia la wali. Nitasema domeni, mtanisamehe.

Mimi ni mtu wa mitumba. Nilikuwa na meza yangu pale Karume, Ilala, mpaka lile soko lilipoungua Januari 2022, na meza yangu ikaenda na mabelo yake mawili ambayo hata sikuwa nimeyafungua. Nikakaa nyumbani. Mpwa wangu anatengeneza websaiti, akaniona nimeduwaa akaniambia mjomba, kuna biashara haiungui moto, nunua majina ya intaneti, unakaa nayo, akija mwenye shida nayo unamuuzia. Akanionyesha kwenye simu kwamba business.com ilinunuliwa dola 150,000 mwaka 1997 ikauzwa milioni 7.5 mwaka 1999. Miaka miwili! Insurance.com milioni 35.6 mwaka 2010. Voice.com milioni 30 mwaka 2019. Sasa wewe mwambie mtu aliyetoka kuunguliwa na mabelo habari kama hizo uone kama atalala.

Sikulala. Usiku ule ule nikakuta promosheni, sitataja ni kiambishi gani, yaani zile herufi za baada ya nukta, wala duka gani, yale majina mapya mapya yasiyo .com, dola moja kwa mwaka. Dola moja! Nikanunua 61. Nilikuwa naandika chochote kinachonijia kichwani, matunda, magari, majina ya mitaa, hadi jina la timu yangu nikaunganisha na neno jezi. Dola 61, nikajiona mwekezaji, nikampigia hadi shemeji.

Mwaka uliofuata ikaja imeili ya kulipia upya. Dola 32 kila moja. Zidisha mwenyewe, dola 1,952, karibu milioni tano za hapa kwetu, kwa ajili ya majina ambayo kwa mwaka mzima hakuna binadamu hata mmoja aliyeniuliza. Nikayaacha yote yakafa. Na ndo nikaelewa kitu ambacho pale Karume nilikuwa nakijua siku zote ila sikudhani kinahusu huku pia, kwamba bei ya belo siyo ile unayolipa bandarini, ni ile pamoja na kodi ya meza kwa siku zote ambazo nguo itaning'inia bila kuuzwa.

Hiyo kodi ya meza ndiyo nataka tuongee. Mengine yote ni mapambo.

Domeni hununui kabisa kabisa, unapanga. Unalipa mwaka mmoja au unalipa mbele hadi miaka 10, ukiacha kulipa inaondoka. Kwa .com, yule mwenye ghala kuu ni kampuni inaitwa Verisign, na bei yake ya jumla kwa wasajili, yaani maduka yanayotuuzia sisi, inajulikana, haijafichwa. Ilikaa dola 7.85 kuanzia 2012 mpaka 2021, halafu ikaanza kupandishwa kidogo kidogo mpaka ikafika 10.26 Septemba 2024, juu yake kuna senti kadhaa za ICANN, wale wasimamizi wa majina ya intaneti duniani. Kwa hiyo ukiona mtu anakuuzia .com mpya kwa dola moja ujue hapo yeye anakula hasara kwa makusudi, anakununua wewe, domeni ni chambo. Hiyo siyo dhambi, chambo kitamu ukijua ndoano iko wapi. Unachukua moja unayoihitaji kweli, unakaa nayo, bei ikirudi ya kawaida unahamia kwa msajili mwenye bei nzuri ya kulipia upya, ila jueni kuna siku 60 baada ya kusajili ambazo huruhusiwi kuhama.

Sasa haya majina mapya, hayo ndo mitego. Mwaka 2012 watu walipeleka maombi 1,930 ya kuanzisha viambishi vipya, vikapita zaidi ya elfu moja, ndo maana leo una .shop, .online, .xyz, .nini na nini. Huku mwenye ghala anajipangia bei anavyotaka. Mwaka wa kwanza dola moja, wa pili thelathini, na kuna mengine yanaitwa ya daraja la juu unalipia upya mamia ya dola kila mwaka, mwandiko uko chini kabisa kwa herufi za kusoma na darubini. Kwa hiyo swali la kwanza kabla hujaangalia bei ya kuingilia, uliza mwaka wa pili shilingi ngapi. Mkitoka hapa mmesahau yote mkakumbuka hilo mimi nimeridhika.

Ngoja nichungulie. Dola 18, kuna mtu kanipanda. Naweka 20. Haya.

Tuje kwenye bei chee yenyewe inakotokea. Zamani ilitokea kwa sababu watu hawakujua. Mpaka 1995 ulikuwa huendi dukani hata kulipa, kusajili .com ilikuwa bure, Septemba mwaka huo ndo Network Solutions wakaanza kutoza dola 100 kwa miaka miwili. Halafu ile kampuni nyingi za intaneti zilipoanguka mwaka 2000 na kitu, wenye majina wakaona hii kitu imekufa wakaacha kulipia, na waliokuwa wanaokota wakati huo, kama Frank Schilling kule visiwa vya Cayman, ndo leo wanaitwa matajiri wa domeni. Hiyo treni imepita. Leo .com peke yake zimesajiliwa zaidi ya milioni 150, neno moja la Kiingereza lenye maana usitegemee kulikuta limelala.

Ila watu bado wanaacha. Kila siku. Duka limefungwa, mwenyewe kafariki, kadi ya benki imeisha muda, imeili ya zamani haifunguliwi tena, kijana wa IT aliyesajili kwa jina lake kaacha kazi kaondoka na pasiwedi. Hapo ndo kuna belo letu. Na hata wakubwa wanasahau. Desemba 1999 Microsoft walisahau kulipia passport.com, watu wakashindwa kuingia Hotmail, jamaa mmoja programa anaitwa Michael Chaney akaona tatizo liko wapi akalipa dola 35 kutoka mfukoni mwake mambo yakarudi. Mwaka 2015 Sanmay Ved alikuta google.com inauzwa dola 12 kwenye duka la Google wenyewe, akalipa, ikawa yake kama dakika moja hivi, wakaghairi, baadaye wakampa zawadi ya dola 6,006.13, ukiangalia vizuri hizo namba zinasomeka kama neno Google, akaipeleka sadaka nao wakaizidisha mara mbili. Na Aprili 2021 kule Argentina kijana akanunua google.com.ar kwa peso 270, hela ya soda. Wakairudisha haraka. Nasema hivi ili mjue mlango upo, siyo mkae mnasubiri Google wasahau, mtazeekea hapo.

Sasa sikilizeni ratiba maana hapa ndo watu wanapigwa. Domeni ya .com ikiisha muda haidondoki siku hiyo. Kwanza kuna kipindi cha neema, kinaweza kufika hadi siku 45, mwenyewe anaweza kulipa kawaida. Halafu siku 30 za kukomboa, hapo anaweza kuirudisha lakini kwa faini inayouma. Halafu siku 5 za kusubiri kufutwa, hapo hata mwenyewe akilia haimsaidii. Ndipo inadondoka, na kwa .com inadondoka mchana wa Marekani, kwetu inakuwa saa tatu au saa nne usiku kutegemea kule wamebadilisha saa au bado.

Mimi hiyo saa nne nimeikesha. Kulikuwa na jina moja, neno zuri la Kiswahili la herufi tano, nimelifuatilia miezi miwili kama mchumba. Siku yenyewe nimekaa sebuleni, bando nimeweka la usiku, laptop kwenye chaji, na nimehakikisha luku ina uniti maana nawajua wanangu na pasi. Saa nne kasoro niko kwenye ukurasa, nabonyeza kutafuta, imechukuliwa, nabonyeza, imechukuliwa, mara nyumba nzima giza. Luku ina uniti lakini mtaa mzima umekatika. Nikahamia kwenye simu nikabonyeza, imechukuliwa, nikaangalia nani kaichukua, imesajiliwa ile ile sekunde ya kudondoka. Sekunde! Nimekaa na ile simu gizani mke wangu ananiuliza vipi, nikamwambia umeme.

Wala haikuwa umeme. Kuna kampuni kazi yao ni kudaka, zina mamia ya leseni za usajili na kila leseni inagonga mlango wa ghala wakati mmoja, wewe na kidole chako kimoja ni sawa na kushindana na winchi. Unachofanya ni kuwapa wao oda, unalipa wakidaka tu, mkiwa wawili au zaidi mnaingizwa mnadani. Kwa mkono unadaka yale ambayo hakuna mwingine anayataka, na hapo ndo mzungumzaji wa Kiswahili ana nafasi, nitarudi.

Na hata hivyo mengi mazuri hayafiki kudondoka. Msajili mwenyewe anayapeleka mnadani mapema, mteja wake bado hata hajafikisha siku za kukomboa. Ni kama belo linavyofunguliwa godauni kabla halijafika mezani, gredi wani wanaondoka nayo wanaojuana. Usilalamike, fuata godauni. Minada hiyo iko wazi, unajiunga na wewe. Ila minada mingi ina kitu, mtu akiweka dau dakika za mwisho saa inajiongeza dakika tano, kwa hiyo ile mbinu ya kuvizia sekunde ya mwisho haifanyi kazi, kinachofanya kazi ni kuamua mwisho wako ukiwa na akili timamu, asubuhi, umekunywa chai.

Ila mimi sehemu ninayoipenda ni baada ya mnada. Mliowahi kwenda Feri kununua samaki mnajua, alfajiri ni fujo na madalali na bei inapanda, lakini nenda saa nane mchana jua kali, yule yule changu aliyebaki mwenyewe anakuita kwa jina la baba yako. Kuna minada ya domeni iko hivyo. Jina ambalo halikupata dau hata moja linaingia kwenye kapu la kushuka, bei inapungua siku kwa siku mpaka inafika kama dola 5, unaongeza na ada ya mwaka. Unalipa kama 17 yote. Wazungu na Wachina wamelipita kwa sababu wameona neno halina maana. Hawajui godoro ni nini.

Eeh, godoro. Niliokota hapo jina la .com, neno magodoro na jina la mji, sitalitaja zima maana mwenyewe analitumia. Dola 17. Nikakaa nalo miezi kumi na nne. Ningeweza kukaa nalo miaka sita, kodi yake ya meza ni dola 12 kwa mwaka, haiumi. Nikatengeneza orodha ya wauza magodoro wa mji ule, nikapiga simu moja moja kwa heshima, wengi walinikatia wakidhani naomba mkopo. Mmoja, mzee wa makamo, akasema njoo dukani. Nikapanda basi. Nimefika ananiangalia mikononi, anasema "haya mwanangu, hiyo domeni iko wapi niione." (Kicheko) Nikafungua simu nikaandika lile jina, ukafunguka ukurasa wangu una namba ya simu tu. Akasema "sasa hapa nanunua nini?" Nikamwambia mzee, mtu akiwa Dodoma anataka godoro akiandika magodoro na mji huu, nani atatokea, wewe au yule wa ng'ambo ya barabara? Akanyamaza akaangalia ng'ambo ya barabara muda mrefu kidogo. Nilitaja milioni moja na laki nane, tukashuka, milioni moja na laki mbili, akataka risiti yenye mhuri, nikaenda kuchongesha mhuri siku hiyo hiyo kwa fundi wa pembeni ya stendi. Akalipa kwa simu mara mbili, nusu kabla na nusu baada ya kijana wake kuthibitisha imeshaingia kwenye akaunti yao. Nilimfungulia akaunti kwa msajili yule yule ninayemtumia nikaisukuma huko, dakika kumi, hakuna kuhama wala nini.

Kwa mnunuzi wa mbali usiyemjua usifanye hivyo, tumieni mtu wa kati anayeshika hela kama Escrow.com. Kuna watu walitoa ile namba ya siri ya kuhamisha wakasubiri hela mpaka leo.

Nachungulia tena samahani. Dola 27. Bado mimi? Hapana, si mimi. Naweka 28.

Sasa dada pale alinyoosha mkono, anauliza nikisajili ya .co.tz je. Dada, .co.tz ni nzuri sana kwa kufanyia biashara, mteja wa hapa anaiamini, hata mimi websaiti yangu ni .co.tz. Kwa kuuzia ni ngumu kidogo, wanunuzi ni wa humu humu na bado hawajazoea kununua jina kwa mtu, anakwambia si nitaongeza tu neno la pili nisajili yangu. Kenya ukiwa na .co.ke hali haipishani sana. .africa ilifunguliwa kwa kila mtu Julai 2017, nina moja, sijawahi kuulizwa. Za visiwa hizi, Tuvalu wana .tv, Anguilla wana .ai na akili bandia ilivyokuja wamevuna haswa, mwaka 2023 peke yake kama dola milioni 32, ni neema yao, ila wewe mnunuzi .ai unalazimika kulipa miaka miwili kwa mpigo na ni zaidi ya dola mia, kodi ya meza hiyo mimi siiwezi. Na za bure kabisa mnakumbuka .tk? Watu walijenga biashara juu yake. Freenom waliokuwa wanazigawa walishtakiwa na Meta 2023, mwaka uliofuata wakatangaza wanaachana na biashara ya domeni. Cha bure mwenye nacho ni aliyekupa.

Kuna jambo la kukagua. Pale mezani shati huliangalii kifuani, unaligeuza ndani, unaangalia kola, unaangalia kwapani. Domeni iliyotumika nayo ina kwapa. Nenda archive.org uone zamani ilikuwa nini, mwaka kwa mwaka. Mimi nilishawahi kununua jina zuri tu, nikaangalia mwaka wa kwanza, ilikuwa kliniki, nikaangalia mwaka wa mwisho, ukurasa mtupu, nikasema safi. Katikati sikugusa. Nikamuuzia mwenye duka la dawa laki nne, baada ya wiki mbili ananipigia, kila imeili anayotuma inaangukia spamu, wateja hawaoni. Kurudi kuangalia kumbe katikati miaka miwili nzima ilikuwa ya kamari, Kichina kitupu, na kabla yake vidonge vya nguvu za kiume. Nikamrudishia hela yake. Ningefanyaje, mtaa ni mmoja.

La pili la kukagua, majina ya watu. Katika zile 61 zangu za mwanzo nne zilikuwa na jina la kampuni ya simu, sitaitaja, nimeunganisha na bando na mkopo. Nilijiona mjanja. Ikaja imeili ya mwanasheria, ukurasa mmoja, lugha ya upole kabisa ile ya kukupa homa. Nikawapa bure siku hiyo hiyo na pole juu. ICANN wana utaratibu tangu 1999 unaitwa UDRP, mwenye alama ya biashara anaweza kukufungulia kesi kule WIPO Geneva, shirika la dunia la haki za ubunifu, ada ni kama dola 1,500 analipa yeye, akishinda domeni inachukuliwa na wewe hulipwi hata senti. Wanaangalia mambo matatu, jina linafanana na alama yake, wewe huna haki nalo, na umesajili na kulitumia kwa nia mbaya. Mkumbuke yule kijana wa Kanada wa miaka 17, jina lake kweli ni Mike Rowe, akafungua MikeRoweSoft.com, Microsoft wakamtolea dola 10, akajibu anataka 10,000, basi lile jibu ndo likageuzwa kuwa ushahidi dhidi yake. Waliishia kupatana, akapewa Xbox na vitu vingine. Yeye alikuwa na jina lake la kuzaliwa na dunia nzima ilimuonea huruma. Wewe unayeandika jina la benki na neno "mikopo haraka" nani atakuonea huruma? Hapo huitwi mwekezaji unaitwa tapeli na polisi wana jengo lao. Kabla ya kununua jina linalofanana na kampuni, pita BRELA, wasajili wa makampuni wa hapa kwetu, uangalie kama limesajiliwa, na Google, dakika tano.

Sasa hesabu, maana naona nyuso zinang'aa na mimi sitaki mtu atoke hapa akakope. Wazoefu wa hii biashara huwa wanasema katika domeni 100 ukiuza moja au mbili kwa mwaka uko kawaida. Moja au mbili! Zile 98 zinaning'inia na zinalipiwa. Mimi leo nina 84. Dola 12 kwa kila moja ni dola 1,008 kwa mwaka, hiyo ni kabla sijaamka kitandani. Mwaka jana niliuza tatu, nilikuwa na bahati. Ile ya magodoro, kama dola 480 kwa hela ya hapa. Moja 650, moja 1,100, hizo mbili zilipitia sokoni kule mtandaoni wakakata ishirini kwa mia, wengine wanakata hata ishirini na tano. Jumla mkononi 1,880. Toa 1,008. Toa nilizonunua mpya, kama 300. Inabaki dola 572 kwa mwaka. Gawanya kwa miezi kumi na miwili, ni kama laki na ishirini kwa mwezi. Nguo nauza bado, asubuhi.

Ndo maana nawaambia bargeni ya domeni unaipima kwa nani atainunua na utakaa nayo miaka mingapi ukimsubiri. Jina la dola 17 ambalo naweza kutaja kwa vidole watu kumi wanaolihitaji, ni rahisi. Jina la dola moja ambalo sijui hata mmoja, ni ghali, hiyo dola umeitupa na utaendelea kuitupa. Kabla sijaweka dau popote nachukua karatasi naandika biashara kumi zilizopo kweli, zenye mlango na namba ya simu, ambazo jina hilo lingewafaa. Nikifika tano nimekwama, naacha. Halafu naingia NameBio naangalia majina yanayofanana yaliwahi kuuzwa bei gani, yaliyouzwa siyo yaliyotangazwa, maana kutangaza milioni hata mimi nimetangaza. Na zile mashine za kukukadiria bei, moja iliniambia zile 61 zina thamani ya dola elfu kumi na kitu. Nilizizika zote bila hata jirani mmoja kuja msibani.

Kaka wa shati la bluu anauliza nianze na shilingi ngapi. Anza na laki moja, kaka, na usiitumie yote. Nunua mbili, tatu, .com, za kitu unachokijua, kama unafuga kuku nunua za kuku. Weka pembeni hela nyingine ya kulipia miaka mitatu kabisa, zima mawazo, weka malipo ya kujirudia na imeili ambayo hutaipoteza hata simu ikiibwa. Miezi mitatu ya kwanza wala usinunue, kaa tu kwenye kapu la kushuka kila jioni uone yanapita majina gani, jicho litafunguka lenyewe. Mimi pale Karume nilikaa mwaka mzima nabebea watu mabelo kabla sijashika hela ya kununua langu.

Ngoja. Dola 38. Dakika mbili zimebaki, huyu mtu anataka kweli. Naweka 40. Nimeweka. Tunyamaze kidogo jamani, na nyie mniombee. (Kicheko)

Saa imejiongeza dakika tano. Ameweka 45.

Haya, imeenda. Nani mwingine alikuwa na swali?